Robert Bruce na James Douglas, marafiki wa kufa na kuzikana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikipiga stori za huyu mfalme na swahiba wake, maswali yanayokuja ni yaleyale, buibui ilikuwaje, moyo ulitupwa au haukutupwa, na huyo Douglas "Mweusi" alikuwa mweusi kweli au jina tu. Nimechoka kujibu mmojammoja kwa hiyo nayaweka yote hapa, sijayapanga sana, anza na lolote.

Hawa jamaa ni akina nani hasa?

Robert Bruce alikuwa mfalme wa Uskoti kuanzia 1306 mpaka alipofariki 1329, ndo yule aliyekomaa na Waingereza mpaka mwaka 1328 wakasaini kwamba Uskoti ni nchi inayojitegemea. James Douglas ni mtoto wa kabaila wa bonde la Douglas huko Lanarkshire, kusini mwa Uskoti, alikuja kwa Bruce hana ardhi hana askari hana hata farasi wake mwenyewe (farasi nitamfikia), akawa naye miaka 23 bila kukatika. Mfalme alizaliwa 1274, Douglas yapata 1286, yaani ni kama mtu na mdogo wake kuliko marika.

Haya mambo tumeyajuaje, si ni zamani sana?

Kuna hati, kuna barua za serikali ya Uingereza, kuna wanahistoria wa enzi hizo, ila stori zenye nyama nyingi zinatoka kwa John Barbour, shemasi mkuu wa Aberdeen, aliyetunga shairi refu la zaidi ya mistari elfu 13 miaka ya 1370, kama miaka 45 hivi baada ya mfalme kufa. Sisi tungeliita utenzi moja kwa moja, na kumbe hata mizani zinafanana, mistari yake ni ya silabi nane nane kama utenzi wetu, tofauti ni kwamba yeye anafunga vina viwiliviwili hana kina cha bahari. Sasa kama utenzi wowote wa vita, mtunzi ana upande, wake wakipiga ni mashujaa, na kuna sehemu anachemka kabisa, anamchanganya mfalme na babu yake kana kwamba ni mtu mmoja. Kwa hiyo nikisema "Barbour anasema" elewa kwamba ni Barbour anasema.

Douglas alipotezaje ardhi wakati baba yake alikuwa kabaila?

Baba yake William aliungana na William Wallace, kiongozi wa uasi wa Waskoti dhidi ya Waingereza, mwaka 1297, akakamatwa, akafia gerezani kwenye Mnara wa London. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza akachukua bonde lote akampa mtu wake, Robert Clifford. Kijana alikuwa amepelekwa Paris, aliporudi nyumbani hapakuwa tena nyumbani, akachukuliwa na askofu wa St Andrews, William Lamberton, kazi yake ikiwa kumkatia askofu nyama mezani. Usidharau, kwa mtoto wa kikabaila hiyo ilikuwa nafasi ya heshima, lakini heshima ya mezani haikurudishii shamba. Mwaka 1304 askofu akamchukua mpaka Stirling ambako Edward alikuwa ameizingira ngome, akamuombea arudishiwe urithi wake. Edward aliposikia huyu mtoto wa nani akakataa palepale, baba yako alikuwa adui yangu, ardhi ina mwenyewe sasa. Kama kuna siku Waingereza walijitengenezea adui kwa mikono yao basi ndo hiyo.

Walikutana wapi na Bruce?

Njiani. Februari 10, 1306 Bruce alimchoma kisu mpinzani wake John Comyn ndani ya kanisa la Wafransisko mjini Dumfries, na ukishamwaga damu kanisani huna pa kurudi, ama uwe mfalme ama uwe maiti, akafunga safari kwenda Scone kutawazwa. Barua ikamfikia askofu Lamberton akiwa mezani, na nani anakata nyama pale, Douglas. Barbour anasema kijana alimfuata askofu pembeni akamwambia nataka kwenda kwa huyu mtu, askofu kimoyomoyo akafurahi ila hakutaka ionekane yeye ndo kamtuma, akamwambia chukua farasi wangu mwenyewe lakini fanya kama umemuiba. Basi akaenda bandani, mtunza farasi akagoma, Douglas akamtwanga chini, akatandika akaondoka peke yake. Akamkuta Bruce sehemu inaitwa Erickstane, karibu na Moffat, akashuka akapiga goti akamtambua kuwa mfalme wake. Kijana wa miaka kama 20 juu ya farasi wa wizi ambao mwenye farasi kaubariki. Anayenisikitisha hapo ni yule mtunza farasi, hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo ni urafiki au ilikuwa dili tu?

Hili ndo swali zuri kuliko yote na watu wengi hawaliulizi. Ilianza kama dili, tusidanganyane. Bruce anahitaji watu, Douglas anahitaji bonde la baba yake, na mtu pekee anayeweza kumrudishia ni mfalme atakayewafukuza Waingereza. Tena kuna barua ya upande wa Waingereza ya mwezi Mei 1307, imeandikwa Carlisle, inasema James Douglas alituma ujumbe anaomba apokelewe kwao, afu alipoona majeshi ya Uingereza yanarudi nyuma akabadili mawazo. Wapenzi wa Douglas hawaipendi hiyo barua, wengine watakwambia ilikuwa janja yake. Mi naipenda, kwa sababu inaonyesha alikuwa binadamu, mwaka mzima wanalala porini, ndugu za mfalme wananyongwa, na yeye ana miaka 21, nani asingepiga hesabu? Na Bruce mwenyewe si malaika, kabla ya 1306 alishavuka upande zaidi ya mara moja, mwaka 1302 alijisalimisha kwa Edward huyohuyo.

Sasa angalia mwisho wake. Mwaka 1328 amani imesainiwa, Douglas ana ardhi kuliko alivyowahi kuota, kila kilichokuwa kwenye dili kimelipwa. Mwaka unaofuata mfalme anakufa, na jamaa anaacha hizo ardhi zote anapanda meli kubeba moyo wa mtu ambaye hamdai na hadaiwi naye. Huwezi kuielezea hiyo kwa hesabu, kuna kitu kiliota hapo katikati, na ukitaka kujua kiliota lini basi mi nasema ni ule mwaka wa porini.

Mwaka wa porini ulikuwaje?

Mbaya. Juni 1306 Bruce alipigwa Methven, miezi mitatu tu baada ya kutawazwa, afu akapigwa tena Dalrigh na watu wa ukoo wa MacDougall wa Lorn, ndugu wa Comyn. Alikuwa anatembea milimani na mke wake, binti yake, dada zake na wanawake wengine, hawana chakula. Hapa Barbour anasema aliyehangaika kuliko wote kuwalisha ni Douglas, anatega mitego, anawinda paa, na kwenye samaki ndo usiseme, anawaletea samoni, trauti, mikunga, kila kinachoogelea. Mwisho ikabidi wanawake wapelekwe mbali na wakakamatwa wote, dada wa mfalme aliyeitwa Mary aliwekwa kwenye kizimba ngome ya Roxburgh, na Isabella wa Buchan aliyemvika mfalme taji akawekwa kwenye kingine Berwick. Ndugu watatu wa mfalme, Neil, Thomas na Alexander, wakauawa ndani ya miezi michache.

Afu kuna ile ya Loch Lomond, ziwa refu hatari, maadui nyuma, hawana mtumbwi. Douglas akazunguka kingo mpaka akakuta kamtumbwi kamezama majini, wakakatoa, kanavuja, kanabeba watu watatu tu. Mfalme na Douglas wakavuka na mpiga kasia mmoja, halafu kakarudi kuchukua wawili, kakarudi kuchukua wawili, hivohivo usiku kucha na mchana wake, wachache waliojua kuogelea wakaogelea na mizigo yao. Na wakati wanasubiriana mfalme akakaa ufukweni anawasomea hadithi za mashujaa wa Ufaransa ili wasivunjike moyo. Mi kila nikifika hapo naona picha kamili, watu wamelowa, wana njaa, wanasubiri zamu ya mtumbwi unaovuja, na bosi wao anawasomea hadithi.

Buibui vipi, ni kweli?

Ile stori kwamba Bruce amelala pangoni amekata tamaa akamuona buibui anajaribu na kujaribu tena mpaka akafaulu? Barbour hana habari na buibui wowote. Aliyeisambaza dunia nzima ni Walter Scott, karne ya 19. Utamu ni huu, kwenye historia ya ukoo wa Douglas iliyoandikwa karne ya 17 aliyemuona buibui ni James Douglas, siyo mfalme. Yaani hata buibui wanagawana.

Kwanini aliitwa Douglas Mweusi, alikuwa mtu mweusi?

Hapana, nywele. Barbour anasema alikuwa na nywele nyeusi, uso umepauka kidogo, mwili mkubwa wenye mifupa mipana, na alikuwa na kithembe kidogo ambacho eti kilimpendeza sana. Kwao Uskoti walimwita James Mwema, hilo la Mweusi ni la kusini mwa mpaka ambako kila mwaka alikuwa anakuja kuchoma moto, huko walikuwa na sababu zao.

Kuna watu wanasema alikuwa katili, ni kweli?

Ni kweli na sioni sababu ya kuficha. Jumapili ya Matawi, mwaka 1307, alirudi kijijini kwao kisirisiri, akajificha kwa Thomas Dickson aliyekuwa mtumishi wa zamani wa baba yake, wakasubiri askari wa Kiingereza watoke ngomeni kwenda kanisani kusali, kanisa la Mtakatifu Bride. Wakiwa mle ndani na matawi yao likapigwa kelele "Douglas! Douglas!" na vita ikaanza kati ya mabenchi. Walioshindwa wakachukuliwa mateka mpaka ngomeni, ambako chakula cha sikukuu kilikuwa kimeshaandaliwa, Douglas na wenzake wakakaa wakala kwanza. Afu wakamwaga unga, ngano na divai yote chini kwenye stoo, wakawakata vichwa mateka juu yake, wakachoma moto ngome, kisimani wakatupa chumvi na mizoga ya farasi. Wenyeji mpaka leo wanaliita tukio hilo stoo ya Douglas. Ile ngome ilikuwa nyumba ya baba yake, aliichoma mwenyewe.

Watu wanaopenda kumchora kama rafiki mwema mpole wanaruka hii sehemu. Mfalme hakuruka, alikuwa anajua ana mtu wa namna gani, na kazi alizompa baadaye mpakani zilikuwa za mtu wa namna hiyohiyo.

Stori ya ng'ombe ni ipi?

Hiyo ya Roxburgh, Februari 1314, usiku wa kuamkia Kwaresima. Waingereza ndani ya ngome wanakula na kunywa na kucheza maana kesho ni kufunga. Douglas na watu wake kama 60 wakajifunika majoho meusi wakatambaa kwa mikono na magoti kuelekea ukutani. Walinzi wawili juu wakaona vitu vyeusi gizani, mmoja akasema mwenzetu fulani shambani kwake leo anakula sikukuu mpaka kasahau kufungia ng'ombe wake, mwingine akasema usijali kabla kesho Douglas atakuwa kashawachukua. Douglas anasikia kila neno. Ngazi za kamba zilizotengenezwa na fundi mmoja anaitwa Sym zikarushwa, ndoano zikashika, na ngome ikaanguka usiku huohuo. Mfalme akatuma watu waibomoe yote, ndo ilikuwa sera yake, ukishaitwaa ngome bomoa, adui akirudi asipate pa kukaa.

Bannockburn walifanya nini?

Juni 23 na 24, 1314, hiyo utaikuta kila mahali, mfalme anapasua kichwa cha Henry de Bohun kwa shoka afu analalamika kwamba mpini umevunjika, sitairudia yote. Ninayotaka uione ni ndogo. Siku ya kwanza Thomas Randolph, mpwa wa mfalme, alizingirwa na wapanda farasi wa yule Clifford, ndo huyo aliyepewa ardhi ya Douglas. Douglas akamuomba mfalme ruhusa aende kumsaidia, mfalme akakataa kwanza, akambembeleza mpaka akaruhusiwa. Alipokaribia akaona Waingereza wameshaanza kuyumba, akawasimamisha watu wake palepale, akasema tukiingia sasa tutamuibia Randolph sifa yake. Na huyo Randolph ndo mtu aliyekuwa anashindana naye kwa kila kitu mbele ya mfalme. Kesho yake Douglas akafanywa naiti wa bendera, yaani naiti anayeongoza watu chini ya bendera yake mwenyewe, na baada ya ushindi akatumwa na wapanda farasi kama 60 kumfukuza Edward wa Pili mpaka Dunbar, Barbour anasema aliwakimbiza kwa ukaribu kiasi kwamba hakuna Mwingereza aliyepata hata nafasi ya kusimama kukojoa.

Mfalme alimlipa nini?

Ardhi, nyingi tu, bonde la baba yake, Jedburgh, msitu wa Selkirk na nyingine mpakani. Na imani, mwaka 1317 alipokwenda kupigana Ayalandi alimwachia nchi yeye na Walter Stewart. Ila zawadi ninayoipenda ni ya Novemba 1324. Miaka miwili nyuma kwenye vita ya Byland Douglas aliteka manaiti watatu wa Kifaransa, na mateka wa hivo enzi hizo ni hela, unasubiri fidia. Mfalme alitaka kumfurahisha mfalme wa Ufaransa akawaachia bure, kwa hiyo akawa na deni kwa Douglas. Akamlipa kwa hati, ikimpa mamlaka ya kuhukumu wahalifu kwenye ardhi zake na kumsamehe huduma kibao alizopaswa kuitolea serikali, na badala ya kuiacha na muhuri tu akavua pete ya zumaridi akamvisha Douglas kidoleni iwe ishara kwake na kwa watoto wake. Sisi tunasema watu wako kama chanda na pete, hawa walikuwa na pete yenyewe.

Mbona hakupewa cheo kikubwa kama Randolph?

Randolph alifanywa mkuu wa Moray mwaka 1312, Douglas amekufa ni Sir James tu. Randolph ni damu ya mfalme, hilo la kwanza. La pili, mtazamo wangu tu, Douglas aliyetengeneza jina lake mwenyewe mpakani hakuhitaji jina la kupewa. Wakati mwaka 1320 makabaila kadhaa walipanga njama ya kumpindua mfalme, wengine wana vyeo vikubwa tu, huyu asiye na cheo hakuwemo.

Ni kweli alikata kamba za hema la mfalme wa Uingereza?

Ndio, Agosti 1327, bonde la Weardale kaskazini mwa Uingereza. Aliingia usiku na wapanda farasi mia kadhaa katikati ya kambi ya Edward wa Tatu, aliyekuwa na miaka 14, wakafika mpaka kwenye hema lake wakakata kamba, wakatoka. Mtoto wa watu aliponea chupuchupu. Mwaka uliofuata amani ikasainiwa.

Mfalme alikufa na nini, na wosia ulisemaje?

Alikufa Cardross, Juni 7, 1329, ana miaka 54, waandishi wa upande wa Waingereza walisema ni ukoma na wataalamu wanabishana mpaka leo. Wosia ndo jambo. Miaka yote alikuwa na ile damu ya kanisani moyoni, alikuwa amejiwekea nadhiri akishinda vita ataenda kupigana vita vya msalaba, vita vikaisha na mwili nao ukaisha. Akaomba akifa moyo wake utolewe upelekwe badala yake.

Jinsi alivyomchagua Douglas kuna mapokeo mawili. Jean le Bel wa Liège, mwandishi wa historia wa enzi hizo aliyekuwa kwenye jeshi la Waingereza kule Weardale, anasema mfalme alimwita Douglas mbele ya wote akamuomba yeye moja kwa moja aufikishe Yerusalemu. Barbour anasema mfalme aliwaambia mabwana wachague wenyewe mtu anayefaa, wakajitenga, wakarudi na jina moja, naye akasema tangu nilipowaza jambo hili nilitamani awe yeye. Mi naona ya Barbour inaendana zaidi na wazee wenye akili, unaacha baraza liseme unachokitaka, asibaki mtu na kinyongo. Mwili ukazikwa Dunfermline. Mwaka 1818 wajenzi wakalikuta kaburi, na mfupa wa kifua ulikuwa umepasuliwa kwa msumeno toka juu mpaka chini.

Kanisa lilikubali kutoa moyo wa maiti?

Halikukubali. Papa Boniface wa Nane alishapiga marufuku kukatakata maiti tangu 1299. Walifanya kwanza wakaomba radhi baadaye, msamaha wa Papa Yohane wa 22 kwa waliohusika ulitoka mwaka 1331, wakati mbebaji mwenyewe ameshakufa.

Safari ilikuwaje?

Moyo ulikaushwa kwa dawa ukawekwa kwenye kijaluba cha fedha, akakivaa shingoni kwa mnyororo kama hirizi. Ana barua ya ulinzi kutoka kwa Edward wa Tatu, ndo huyohuyo wa hema, ya Septemba 1, 1329, na nyingine ya kumtambulisha kwa mfalme Alfonso wa 11 wa Castile, kwa hiyo Hispania ilikuwa kwenye mipango tangu mwanzo. Mwaka 1330 wakaondoka, wakatia nanga Sluys huko Flanders siku 12. Le Bel anasema hakushuka nchi kavu hata siku moja, alikaa melini na manaiti wake na kila siku wanapiga ngoma na tarumbeta, vyombo vya fedha, wageni wanapewa divai na viungo, kila kitu kama vile mfalme wa Uskoti yupo pale amekaa. Na kwa namna fulani si alikuwepo.

Seville wakapokelewa vizuri. Kuna naiti mmoja maarufu, uso umechanwachanwa na makovu, akamshangaa Douglas, mtu mwenye sifa zote hizi za vita uso hauna hata alama? Akamjibu, namshukuru Mungu siku zote nilikuwa na mikono ya kukinga kichwa changu.

Aliutupa moyo katikati ya maadui au hakuutupa?

Huku ndo watu wanagombana. Ilikuwa Teba, kusini mwa Hispania, Agosti 25, 1330. Alfonso alikuwa ameizingira ngome ya hapo iliyokuwa ya dola ya Kiislamu ya Granada, na jeshi la kuikomboa likiongozwa na Uthman ibn Abi al-Ula, jemedari mzoefu wa ukoo wa kifalme wa Wamarini wa Moroko. Barbour anasema Douglas alikuwa anafukuza maadui, akawa anarudi nyuma na watu kama kumi, akamuona William Sinclair wa Rosslyn amezingirwa peke yake, akasema yule anakufa tusipomsaidia, akageuza farasi, maadui wakawa wengi mara kadhaa zaidi, akafia pale na Sinclair na wengine. Ile kwamba alivua kijaluba akakirusha mbele akasema tangulia kama ulivyozoea nami nitakufuata, hiyo inaonekana kwenye maandishi ya karne ya 15, miaka mia na zaidi baadaye. Nzuri sana kuisimulia usiku, nami huwa naisimulia. Ila ukiniuliza, ya Sinclair ndo inafanana na mtu mwenyewe, ni Bannockburn ileile, anaona mwenzake anazingirwa anaomba kwenda, safari hii hakuna mfalme wa kumwambia subiri.

Sisi Waislamu tunaisomaje hii stori?

Kwa macho ya watu wa Teba alikuwa mvamizi wa kigeni kutoka mbali aliyekuja kwenye ardhi isiyo yake na silaha, tena bila ugomvi wowote nao, na sioni namna ya kuisema vingine. Ugomvi wa kwao Uskoti ulikuwa kufukuza watu wa aina hiyohiyo. Ngome ilianguka siku chache baadaye.

Ilikuwa sawa mfalme kumtuma mtu wake bora nje ya nchi?

Kisiasa hapana. Mrithi, David, alikuwa na miaka 5. Douglas akafa 1330, Randolph aliyekuwa analea nchi akafa Julai 1332, na mwezi unaofuata tu Waskoti wakapigwa Dupplin Moor. Mwaka 1333 Halidon Hill wakafa mdogo wake Douglas, Archibald, na mtoto wa Douglas mwenyewe, William, na 1334 mfalme mtoto akakimbiziwa Ufaransa. Lakini aliyekuwa kitandani Cardross hakuwa anafikiria siasa, alikuwa anafikiria Dumfries.

Nani aliwarudisha?

William Keith wa Galston, aliyekosa vita kwa sababu alikuwa amevunjika mkono. Wakati wengine wamelala uwanjani yeye alikuwa mzima na mkono wake kwenye bendeji. Wakachemsha mwili wa Douglas mpaka nyama ikatoka, nyama wakaizika Hispania, mifupa na kijaluba wakarudi navyo.

Leo nikienda naona nini?

Dunfermline kuna mwili wa mfalme. Kijijini Douglas, kanisa la Mtakatifu Bride, lilelile la Jumapili ya Matawi, kuna sanamu ya mawe ya Sir James amelala miguu imepishana, na sakafuni chini ya kioo kuna kijaluba cha risasi ambacho inasemekana kina moyo wake yeye. Ukoo wake ulichora moyo mwekundu kwenye ngao na bado upo. Teba kuna jiwe la kumbukumbu lililowekwa 1989.

Moyo wa mfalme ulizikwa abasia ya Melrose. Mwaka 1921 wachimbaji walipata kopo la risasi chini ya sakafu ya ukumbi wa watawa, wakalirudisha, mwaka 1996 likachimbuliwa tena, wakafungua la nje wakakuta la ndani, dogo, limepanuka chini limekuwa jembamba juu, na kibamba cha shaba cha 1921 kinachosema ndani kuna moyo. La ndani hawakulifungua. Mwaka 1998 wakalizika tena.